Aangukaye mkarafuuni afungwe nyonga kabla hajabebwa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kila ufikapo msimu wa karafuu hunirudisha katika wodi niliyoitumikia kwa miaka mingi hapa Pemba kabla sijastaafu uuguzi.

Kila mchumaji anajua kwamba tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, na kwamba vikonyo vilivyojaa hukaa nchani. Mtu anapoanguka, wenzake humkimbilia kwa huruma, wakamshika makwapa na miguu, wakamketisha juu ya bodaboda katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kijana mmoja aliletwa kwetu namna hiyo. Hakuwa na jeraha la kuonekana isipokuwa michubuko. Alisema tu kwamba nyonga inamuuma na kwamba ana kiu, na kabla ya magharibi alikuwa ameshafariki. Damu iliyomuua haikudondoka hata tone moja sakafuni, kwa sababu yote ilimwagikia ndani.

Fupanyonga ni mifupa iliyofungamana mfano wa pete, na kwa ndani, upande wa nyuma, umetandazwa mtandao mkubwa wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, na nafasi iliyo nyuma ya utumbo inaweza kumeza lita kadhaa bila tumbo kuonesha dalili kubwa. Pete hiyo ikivunjika na kufunguka, nafasi hiyo huzidi kupanuka. Mara nyingi damu hutoka katika vena na katika mifupa yenyewe iliyovunjika kuliko katika ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, na kwa kuwa msukumo wa damu hiyo ya vena ni mdogo, kuirudisha pete mahali pake na kuibana kwa nje husaidia damu ipungue na igande.

Kinachohitajika ni shuka ya kitanda. Kanga nayo hufaa pasipokuwa na kingine, ingawa kwa mtu mnene ni fupi na fundo lake halikazi. Ikunjwe mpaka ibaki na upana wa shibiri moja na kitu, ipenyezwe chini ya magoti palipo na uwazi, kisha ivutwe taratibu hadi kwenye nyonga na kukazwa kwa mbele, na magoti na miguu ifungwe pamoja. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata baadhi yetu wa hospitali: hufunga kiunoni, pale mkanda wa suruali unapokaa, na hapo ni juu mno. Mahali pake ni usawa wa vile vifundo viwili vya mifupa ya mapaja vinavyohisika ubavuni, karibu na mfuko wa suruali. Majeruhi asiketishwe wala asigeuzwegeuzwe, na wala nyonga isibinywe kwa kujaribu kama imevunjika, kwa maana donge la kwanza la damu likishabanduka, la pili huwa dhaifu zaidi. Abebwe akiwa amelala chali juu ya ubao au kitanda cha kamba, na afunikwe, kwani mwili ukipoa damu haigandi vizuri.

Kwa wenzangu walio kazini nina la kusema pia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionesha kwamba dawa ya traneksamiki, inayozuia donge la damu lisiyeyuke, ikitolewa gramu moja kwa muda wa dakika kumi kisha gramu nyingine kwa muda wa saa nane, hupunguza vifo vya wanaovuja damu. Lakini ni lazima ianze ndani ya saa tatu tangu ajali, na ikicheleweshwa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Anayesubiri meli ya Unguja ndipo atibiwe, saa hizo tatu zitamwishia Mkoani bandarini. Dawa hiyo ianze hukuhuku Pemba, damu itafutwe mapema badala ya kumjaza mgonjwa dripu za maji ya chumvi zinazoizimua damu aliyobaki nayo, na akionekana ana damu kwenye tundu la mkojo asitiwe mpira wa kutolea mkojo kwa nguvu. Kufunga shuka hakuchukui nafasi ya daktari wa upasuaji, ambaye huenda akalazimika kumfunga vyuma vya nje au kushindilia vitambaa ndani, lakini humpa majeruhi muda wa kumfikia daktari huyo.

Ombi langu ni kwa masheha, Wizara ya Afya na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Kabla msimu haujafunguliwa, kila kituo cha kununulia karafuu kiwekewe shuka mbili na ubao wa kubebea, wachumaji wa kila shehia wafundishwe kwa asubuhi moja namna ya kufunga, na siku hiyohiyo walio tayari wachangie damu. Mimi niko tayari kufundisha bila malipo, na wenzangu wastaafu niliozungumza nao wamekubali pia.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba