Dirisha likivuja litoeni, msipake silikoni juu kwa juu

Mhariri,

Naandika nikiwa na hasira kidogo, nisamehe. Mimi na kakangu tuna gari la kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, tulinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na tangu zile mvua za Aprili na Mei hatujalala mle ndani usiku hata mmoja tukaamka wakavu. Godoro limelowa, na mbao ya ukuta chini ya dirisha ukiibonyeza kidole kinazama kama mahamri yaliyochovywa kwenye chai.

Tukapeleka gereji, jina silitaji. Fundi hata ndani hakuingia, akachomoa tyubu ya silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, akapaka kandokando ya madirisha yote matatu, juu ya silikoni kuukuu, juu ya vumbi na chumvi ya bahari, nusu saa kashamaliza, elfu nne hiyo tukalipa tena tukamwambia asante. Mvua ya kwanza ikaja sawa, ya pili sawa, ya tatu ikaja na upepo wa kusi, wallahi maji yaliingia kuliko mwanzo!

Kwa nini kuliko mwanzo? Hapo ndo nilipochoka. Dirisha la kusukuma lina vitundu vidogo chini ya fremu upande wa nje, kazi yake ni kutoa maji yanayojaa kwenye reli, na bwana huyu aliviziba vyote kwa sababu kwake yeye tundu ni tundu. Sasa maji yakijaa kwenye reli yaende wapi, si yanamwagikia ndani kwa godoro.

Nikaenda kwa mzee mmoja huku Changamwe anayeunda bodi za matatu, akanicheka kwanza, halafu akaniambia mwanangu, pale unapoona maji sipo yanapoingilia. Yaweza kuingia kona ya juu, yakafuata fremu polepole, yakatokea chini mbali kabisa. Kwa hivyo unapima kwanza, mmoja nje na mpira wa maji anaanza kumwagia chini akipanda juu taratibu, mmoja ndani na tochi. Sisi tulipofika juu ya dirisha la kitandani ndo kakangu akapiga kelele.

Basi tukalitoa lote. Skrubu ziko upande wa ndani, ukishazitoa lazima mtu awe nje ameshika maana linaanguka upande huo. Kulitoa ni dakika ishirini, kulisafisha ni siku nzima, mikono ikatutoka malengelenge, kwa sababu silikoni kuukuu isipobanduliwa yote hakuna kitakachoshika juu yake, si silikoni mpya wala rangi. Na ile inayonuka siki ikikaa kwenye chuma, asidi yake inaleta kutu, na huku kwetu kutu haihitaji msaada wa mtu, bahari yatosha. Tulikwangua kwa kipande cha plastiki tukafuta chuma na spiriti, kioo hatukukigusa nayo. Kakangu alitaka kutumia thina nikamnyang'anya, vioo vya magari haya mengi ni vya akriliki, yaani plastiki ngumu, si kioo cha kweli, thina au petroli inavipasua nyufa ndogondogo ukatamani kulia.

Mbao iliyooza tukakata, iliyobaki tukaacha ikauke siku tatu (ukifunga ikiwa mbichi umefungia uozo ndani). Kisha ikaja tepu ya butili, ile nyeusi ya kunatanata isiyokauka ikawa ngumu, kwa hivyo gari likitikisika barabarani nayo inanyumbuka. Unazungusha fremu nzima, maungio yake unayaweka chini sio juu, unarudisha dirisha, unakaza skrubu kidogokidogo ukihama upande huu na upande ule mpaka iliyozidi ijikamue nje, kesho yake unakaza tena kidogo, halafu unakata mabaki. Limepigwa na mvua mbili kubwa tangu hapo, kavu.

Najua mafundi watasema wateja wenyewe wanataka rahisi na haraka, na ni kweli, mie nilikuwa mmoja wao. Lakini basi niambie, "hii ya elfu nne ni ya wiki mbili", nichague mwenyewe. Na si magari ya kulala tu, ni matatu ngapi mjini hapa abiria wa dirishani anafungua mwamvuli akiwa ndani, ukiangalia raba ya kioo utaona silikoni imerundikwa kama malai.

Bado nina madirisha mawili na nataka kuyamaliza kabla ya mvua za Oktoba. Ile tepu nilitumiwa na binamu kutoka Nairobi, huku nilizunguka hadwea za Mwembe Tayari mpaka Kongowea kila mmoja ananiletea silikoni. Kama kuna duka Mombasa linayo, tafadhali waweke tangazo humu gazetini, nitakuwa mteja wa kwanza.

Mwenye gari la kulala,
Mikindani, Mombasa