Wajenzi wa Mesa Verde hawakutoweka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu makala ya utalii iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, iliyoeleza magofu ya Mesa Verde, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani. Picha zilipendeza, na maelezo ya namna ya kufika huko yalijitosheleza. Hata hivyo, makala ilimalizia kwa kudai kwamba watu waliojenga nyumba zile katika mapango ya majabali walitoweka na hakuna ajuaye walikoelekea. Dai hilo limekanushwa kwa ushahidi mwingi kwa muda mrefu sasa, na kwa kuwa lina madhara kwa watu walio hai, sioni kuwa ni vyema liachwe lipite.

Wazao wa wajenzi hao wapo. Ni Wapueblo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, na wanaishi katika jumuiya 19 zilizoko New Mexico, zikiwamo Acoma, Laguna, Zuni, Taos, Picuris na Santa Clara, na pia katika vijiji vya Wahopi huko Arizona na jumuiya ya Ysleta del Sur iliyoko Texas. Lugha zao ni za koo mbalimbali zisizo na undugu wa wazi, jambo linaloonyesha kwamba hata zamani hawakuwa kabila moja, bali watu wa asili tofauti waliofanana katika namna ya kulima, kujenga na kuabudu. Mwaka 1680 sehemu kubwa ya jumuiya hizo ziliungana chini ya Po'pay wa Ohkay Owingeh, zikawafukuza watawala wa Kihispania kwa muda wa miaka 12. Sijapata kusikia watu waliotoweka wakifanya uasi.

Chanzo cha hadithi ya kutoweka si kigumu kukielewa. Mnamo Desemba 1888 wafugaji wawili wa ng'ombe, Richard Wetherill na Charlie Mason, waliliona gofu kubwa la Cliff Palace, lenye vyumba takriban 150 na kiva zaidi ya 20, yaani vyumba vya mviringo vilivyochimbwa ardhini kwa ajili ya ibada na mikutano. Walikuta mle vyungu na zana, lakini hawakumkuta mtu. Waute, ambao ndio waliokuwa wenyeji wa eneo hilo wakati huo, walikuwa wakiyajua magofu hayo siku zote, lakini habari ilienea kana kwamba mji umefukuliwa kutoka katika usahaulifu na wageni. Tangu hapo swali lililoulizwa na wengi lilikuwa ni nini kiliwapata watu wale, badala ya kuwauliza Wapueblo waliokuwa wakiishi mwendo wa siku chache tu kuelekea kusini.

Akiolojia yenyewe ndiyo iliyoanza kuirekebisha hadithi hiyo, na hapa ningependa nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni moja ya kazi nzuri zaidi za sayansi hiyo. A. E. Douglass alikuwa mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Arizona, na alichokuwa akikitafuta hasa ni athari za madoa ya jua katika hali ya hewa ya dunia. Alitambua kwamba katika nchi kame ile msonobari hujiongezea pete moja ya ukuaji kila mwaka, nene ikiwa mvua imenyesha vizuri na nyembamba ikiwa mwaka ulikuwa wa ukame, na kwamba mfuatano wa pete nene na nyembamba hulingana katika miti ya eneo zima. Kwa kuanza na miti hai na kurudi nyuma hadi kwenye boriti za nyumba za kale, alijenga kalenda iliyofika nyuma hadi karne ya 13. Alikuwa pia na kalenda nyingine ndefu, iliyotokana na boriti za magofu, ambayo haikuungana na ile ya kwanza, kwa hiyo aliweza kusema gofu fulani limelipita jingine kwa miaka mingapi bila kuweza kutaja mwaka wenyewe. Pengo hilo lilizibwa tarehe 22 Juni 1929 kwa kipande cha boriti iliyoungua kilichofukuliwa Show Low, Arizona, na kupewa namba HH-39. Kuanzia siku hiyo magofu mengi ya eneo hilo yakawa na umri unaotajwa kwa mwaka, jambo ambalo wanaakiolojia wa sehemu nyingi za dunia hawajalipata hadi leo.

Pete hizo zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya nyumba za majabalini ilijengwa katika karne ya 13, baada ya watu kuishi juu ya uwanda kwa zaidi ya miaka 600. Kwamba kati ya mwaka 1276 na 1299 kulikuwa na ukame mkali. Na kwamba kabla ya karne hiyo kwisha hakuna aliyekuwa akikata boriti mpya huko. Wengi huishia hapo, wakasema ukame uliwamaliza. Lakini ukame wa katikati ya karne ya 12 nao ulikuwa mkubwa, na hawakuiacha nchi yote. Lazima kulikuwa na mengine: watu walikuwa wameongezeka, mashamba mazuri yalikuwa yamekwisha kugawanywa, wanyama wa kuwinda walikuwa wamepungua kiasi kwamba bata mzinga waliofugwa kwa mahindi ndio waliobaki kuwa nyama ya kutegemewa, na palikuwa na mapigano. Katika kijiji cha Castle Rock, magharibi mwa Mesa Verde, wachimbaji walikuta mifupa ya watu wengi, wakiwamo watoto, waliouawa katika shambulio moja mwishoni mwa makazi ya hapo. Sikubaliani na wanaoipamba habari ya Wapueblo wa kale kana kwamba waliishi bila ugomvi, walikuwa binadamu.

Katika kipindi hichohicho ambacho Mesa Verde ilibaki tupu, idadi ya watu katika bonde la juu la mto Rio Grande, New Mexico, iliongezeka sana, na vijiji vya Wazuni na Wahopi vikakua. Ni kweli kwamba wataalamu bado wanabishana juu ya nani alikwenda wapi. Mwanaakiolojia Scott Ortman, kwa mfano, ameshikilia kwamba mababu wengi wa wasemaji wa Kitewa, moja ya lugha za Wapueblo wa Rio Grande, walitoka Mesa Verde, akitumia ushahidi wa lugha, masimulizi na maumbile ya mifupa. Wengine humjibu kwamba vyungu na nyumba za Rio Grande havifanani vya kutosha na vya kaskazini. Mimi naona jibu lake lina nguvu, kwamba watu wanaokimbia utaratibu uliowashinda wanaweza kuacha kwa makusudi namna ya kujenga na kufinyanga iliyoambatana na utaratibu huo. Wote wanaobishana, hata hivyo, wanabishana kuhusu uhamaji.

Wahopi wenyewe husimulia kwamba mababu zao waliagizwa kuacha nyayo kila walikopita, nazo ni magofu, vigae, michoro ya miambani, makaburi na chemchemi zilizowekwa wakfu. Kwa maelezo hayo, gofu lililohamwa ni ushahidi kwamba agizo lilitimizwa, na waliozikwa mle wanaendelea kuwa wakazi. Mtafiti anayelisikia jambo hili huilazimisha akili yake itoke ndani ya kuta za nyumba na kuitazama nchi nzima. Akifanya hivyo ataona mashamba yaliyofunikwa kwa changarawe katika bonde la mto Chama, ambako wakulima walitandaza mawe madogo juu ya udongo ili maji ya mvua chache yapenye bila kukauka upesi na joto la mchana libaki ardhini usiku wa baridi; ataona mabwawa ya kukinga maji juu ya uwanda wa Mesa Verde, vizuizi vya mawe katika vijito vya msimu, vijia vilivyochimbika kwa nyayo katika mwamba laini wa uwanda wa Pajarito, New Mexico, na mahali pa kuweka sadaka juu ya vilele. Zamani mengi ya hayo hayakuandikwa kabisa, kwa sababu hayakuwa na vyungu vya kupeleka makumbusho.

Kwamba nchi hiyo bado inatumika, mahakama nayo imekwisha kukiri. Wazuni huenda kila baada ya miaka minne, wakati wa kiangazi, kwa miguu na kwa farasi, safari ya ibada ya zaidi ya kilomita 100 hadi mahali patakatifu mashariki mwa Arizona. Mwenye shamba mmoja alipokataza wasipite katika ardhi yake, kesi ilifika katika mahakama ya shirikisho, nayo mwaka 1990 ikaamua kwamba Wazuni wana haki ya njia kwa sababu wameipita kwa muda mrefu na kwa uwazi. Fikiria, Mhariri, kama hakimu angeamini kwamba watu wa kale hawakuacha mtu.

Korongo la Chaco, New Mexico, linaonyesha ugumu wa jambo hili kuliko mahali pengine. Kati ya karne ya 9 na ya 12 mababu wa Wapueblo walijenga huko majumba ya mawe ya ghorofa kadhaa, na kubwa kuliko yote, Pueblo Bonito, lilikuwa na vyumba zaidi ya 600. Boriti zaidi ya 200,000 zilisafirishwa kutoka milima iliyo umbali wa kilomita 75 au zaidi, katika nchi isiyokuwa na gurudumu wala mnyama wa kukokota. Barabara zenye upana wa mita 9 zilitoka korongoni zikaenda moja kwa moja bila kujali mwinuko. Hifadhi ya taifa imezungushia mpaka majumba hayo, lakini barabara, vijiji vidogo na mahali pa ibada vimeenea mbali sana nje ya mpaka, ndani ya eneo linalochimbwa mafuta na gesi. Mwezi Juni 2023 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani wakati huo, Deb Haaland, ambaye ni wa jumuiya ya Laguna, alizuia kwa miaka 20 ukodishaji mpya wa ardhi ya shirikisho kwa uchimbaji katika takriban hekta 136,000 kuzunguka hifadhi hiyo. Uongozi wa Wanavajo, wenyeji wengine wa asili wa eneo hilo, uliupinga uamuzi huo, kwa kuwa familia nyingi za Kinavajo zina viwanja humo na hutegemea malipo ya mafuta. Ni ubishi wa haki mbili, na sidai kuwa na suluhisho lake. Ila pande zote mbili ni watu wa nchi hiyo, na mtu akishaambiwa kwamba wajenzi wa Chaco walitoweka, upande mmoja anaufuta kabla hajausikiliza.

Nimalizie na mifupa. Mwaka 1891 kijana wa Kiswidi, Gustaf Nordenskiöld, alichimba Mesa Verde na kuondoka na mamia ya vitu pamoja na mabaki ya binadamu. Alikamatwa mjini Durango, akaachiwa kwa kuwa hapakuwa na sheria aliyoivunja. Sheria ya kulinda mambo ya kale ilipitishwa mwaka 1906. Mkusanyo wake ulikwenda kukaa Helsinki, na mwaka 2020 ndipo Finland iliporudisha mabaki ya watu 20 na vitu 28 vilivyozikwa nao, yakazikwa tena Mesa Verde. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu waliozikwa katika chumba kimoja cha Pueblo Bonito, wakithibitisha kwamba walikuwa wa ukoo mmoja wa upande wa mama kwa zaidi ya miaka 300. Ugunduzi ulikuwa mkubwa, lakini walilaumiwa kwa kutozishauri jumuiya za Wapueblo. Mwaka 2025 mambo yalikwenda kinyume: watu wa Picuris ndio waliowaendea wanasayansi, wakasimamia utafiti, na vinasaba vyao vikaonekana kuwa na uhusiano wa karibu na vya watu wa kale wa Chaco, sawa na masimulizi ya wazee wao.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa uzito wa habari hizo. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimehusisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kwetu zama za Wajerumani na jamaa walio hai, na watu wa Moshi wamekitafuta kwa miaka mingi kichwa cha mtawala wao Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900. Makumbusho yakisema wenye mifupa hawana wazao, mazungumzo huishia hapo.

Kwa hiyo naomba gazeti lako lichapishe masahihisho mafupi ya makala ile, na litakapoweka tena picha ya Cliff Palace liandike chini yake majina ya baadhi ya jumuiya za leo zenye uhusiano na mahali hapo. Kazi hiyo haihitaji utafiti mrefu, kwa kuwa hifadhi ya Mesa Verde yenyewe inazitambua zaidi ya 20.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga