Dotto, Nitafutie CD Hizi Kabla Hujapanda Basi

Kirumba, Mwanza.

Mpendwa rafiki yangu Dotto,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto hapo Tabata. Sisi huku tu wazima wa afya, hofu ni kwenu mnaoishi na foleni. Mzee Lameck anakusalimu na bado anadai kwamba ulihama Mwanza ili kukwepa deni la bao. Mama yako nilimwona kanisani Jumapili, mzima kuliko sisi sote. Dhumuni la barua hii ni moja tu. Kulwa amenieleza kwamba mtakuja mwisho wa mwezi kwa ajili ya harusi ya Neema, nami ninalo jambo ambalo ningependa unifanyie kabla hujafika kituo cha mabasi cha Mbezi. Nimeona niliandike, kwa sababu nikikueleza kwenye simu utacheka kwanza, kisha utasahau nusu ya maelezo.

Ninaomba uninunulie CD za muziki wa pop na roki. Sisemi flashi, wala ile habari yako ya kuwekewa nyimbo mia tano kwa shilingi elfu tano. Ninasema CD za albamu kamili, zilizotengenezwa kiwandani, zenye kava na kijitabu chake.

Unalifahamu gari nililonunua, lakini hujawahi kuisikia redio yake. Ni ileile iliyotoka nayo Japani, na kama ujuavyo, huko FM ilipangwa kati ya 76 na 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi kufikia 108. Kwa hiyo katika jiji zima ninapata stesheni chache sana, na mojawapo husikika kama mtu anayekaanga sato. Fundi ananishauri niing'oe nifunge zile skrini kubwa za kisasa zenye video, jambo ambalo sitalifanya, maana dereva anayetazama video kwenye mzunguko wa Nyerere simtaki hata akiwa ni mimi mwenyewe. Sehemu ya flashi haina. Sehemu ya CD inayo, tena ni nzima kabisa, na ndani yake nilikuta CD iliyosahauliwa na mwenye gari wa kwanza: Rumours ya Fleetwood Mac, albamu ya mwaka 1977, toleo la Japani, na kijitabu chake kikiwa kwenye droo ya dashibodi chenye maneno ya nyimbo kwa Kiingereza na kwa Kijapani. Nimeisikiliza kwenda Magu na kurudi, kwenda Sengerema na kurudi, hadi mke wangu akaomba kwa upole aidha nitafute nyingine au apande daladala.

Basi nikatafuta. Makoroboi nimezunguka, Mlango Mmoja nimezunguka, na hata yule mwenye kibanda karibu na Nyamagana uliyekuwa ukinunua kaseti kwake nimemwendea, siku hizi anauza makava ya simu. CD zilizopo ni za injili, za Bongo Fleva ya zamani na za filamu, na sizidharau, lakini pop na roki zilizopo zote ni za kuchomwa kwenye kompyuta. Muuzaji mmoja aliniuzia CD iliyoandikwa Queen kwa kalamu ya wino mzito, nikaiweka, redio ikaitema palepale, kwa sababu ilikuwa imejazwa MP3 na redio ya umri huu inasoma CD ya kawaida ya muziki tu. Akanibadilishia nyingine. Hiyo ilisomeka, lakini kabla sijafika Igoma ikaanza kurukaruka, na nilipomrudishia akaniambia kwamba tatizo ni gari. Jua letu pia linachangia: CD ya kuchomwa huhifadhi muziki kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibika kwa joto na mwanga, wakati ile ya kiwandani ina vishimo vidogo vilivyobanwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa alumini.

Najua utaniuliza kwa nini nisichukue tu mkusanyiko wa vibao vilivyotamba, nikapata ishirini kwa mpigo. Hapa ndipo mimi na wewe tumekuwa tukigombana tangu enzi za kaseti. Chukua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Nyimbo zake nyingi zimeungana, mmoja unaingia ndani ya mwingine bila kukata pumzi, na ukizivunjavunja kuwa MP3 vyombo vingi vinaweka ukimya kidogo katikati, ukimya ambao watu wale hawakuuweka. Au chukua Brothers in Arms ya Dire Straits, ya mwaka 1985. Hiyo sehemu yake kubwa ilirekodiwa kidijitali katika studio ya kisiwa cha Montserrat, wakati CD yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka mitatu sokoni, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuuza nakala zaidi ya milioni moja kwa CD. Santuri yake ilibidi ifupishe baadhi ya nyimbo ili zienee, lakini CD inazo kwa urefu wake. Ninaposema ninataka CD sisemi kwa ukaidi wa uzee, kama Shija anavyotangaza kijiweni. Kwa albamu hiyo, CD ndiyo kazi yenyewe.

Ninazozitaka, basi, ni hizo mbili, pamoja na A Night at the Opera ya Queen ya mwaka 1975, na Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1982. Thriller ina nyimbo tisa tu na ninazipenda nane. Ule anaobembelezana na Paul McCartney kuhusu msichana mmoja sijawahi kuuelewa. Ile ya Queen ni lazima. Umekuwa ukibisha kwamba Freddie Mercury ni Mwingereza wa kuzaliwa, ilhali alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na katika Bohemian Rhapsody, ule wimbo wao mrefu uliotushangaza kwenye redio ya marehemu baba yako, wanaimba "Bismillah" waziwazi. Ukija tutausikiliza pamoja, nawe utaniambia kama bado unabisha.

Sasa kuhusu mahali pa kuzipata. Usianzie kwenye maduka ya muziki. Anzia kwa mafundi redio wa magari na maduka ya vipuri ya Gerezani na Ilala, kwa sababu magari ya Japani hufika na CD ndani, na watu wakibadilisha redio huziacha hapohapo kwa fundi. Tafadhali usimtume yule kijana wa bandarini akazichomoe kwenye magari ya watu yanayosubiri ushuru. Ninataka muziki, sitaki kesi. Za Japani nazipenda kwa sababu nyingine pia. CD zilizotengenezwa kule zilikuwa ghali kuliko zilizoingizwa kutoka nje, hivyo kampuni mara nyingi ziliongeza wimbo mmoja au miwili ili kuwavuta wanunuzi. Utazitambua kwa mkanda wa karatasi unaozunguka ubavu wa kasha, kama mwenyewe hakuutupa. Wala usiogope kwamba hazitasomeka hapa, kwani CD ya muziki haina mipaka ya kanda kama DVD. Wakikuonyesha vile vidude vya mraba vilivyofungiwa ndani ya plastiki, hizo ni MiniDisc za Sony, redio yangu haina pa kuziingizia.

Ukishaishika mkononi, igeuze. Upande wa chini ukiwa wa fedha tupu, endelea. Ukiwa na rangi ya kijani, buluu au zambarau, mrudishie, hata akiapa kwa mama yake. Karibu na tundu la katikati ziwepo herufi na namba za kiwanda. Kuanzia mwaka 1994 viwanda vilianza kuweka pia alama ya IFPI, yaani shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, lakini toleo la kabla ya hapo halitakuwa nayo, kwa hiyo usilikatae kwa sababu hiyo. Kisha ielekeze kwenye mwanga: ukiona vitobo vya nuru, alumini imeshaanza kuondoka. Mikwaruzo ya upande wa chini inayotoka katikati kwenda pembeni haina madhara sana, ila ile inayofuata mzunguko wa CD ndiyo mibaya. Mibaya zaidi ni ya upande wa juu wenye maandishi, jambo ambalo watu wengi hawalijui, maana muziki uko karibu kabisa na upande huo, chini ya tabaka jembamba la vanishi. Shija anasugua CD zake kwa dawa ya meno, na kwa mikwaruzo midogo ya chini wakati mwingine anafaulu, lakini ile ya juu hata akisugua na sabuni ya kipande haitapona.

Jambo jingine dogo: tazama kama kasha au CD ina ile nembo ya "Compact Disc Digital Audio". Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya kampuni ziliuza CD zilizowekewa kinga ya kutonakiliwa, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na nembo hiyo na ziligoma kwenye redio za magari. Ukiona pia herufi tatu kama AAD au DDD nyuma ya kava, usihangaike, zinaeleza tu kama kurekodi, kuchanganya sauti na kuandaa nakala kulifanywa kwa analogia au kidijitali.

Nimetafakari pia suala la matoleo mapya. Wapo wanaosema tununue za zamani tu, kwa kuwa kuanzia miaka ya 1990 wengi waliporudia kuziandaa albamu walipandisha sauti hadi sehemu za taratibu na za kishindo zikalingana, na Death Magnetic ya Metallica ya mwaka 2008 ililalamikiwa na mashabiki wenyewe kwa jambo hilo. Ningekuwa ninasikiliza sebuleni ningekubaliana nao bila mjadala. Lakini kwenye gari, madirisha yakiwa wazi na lori la mchanga likiwa mbele yangu, sauti za taratibu za Pink Floyd huwa sizisikii kabisa, kwa hiyo ukikuta toleo jipya halisi lichukue. Sharti langu ni moja, nalirudia kwa sababu ninakujua: isiwe ya kuchomwa, na isiwe mkusanyiko.

Nitakutumia shilingi 80,000 kwa simu, na zikibaki mnunulie shemeji soda njiani. CD zikiwa bila kava kabisa, teremsha bei. Zikiwa na kijitabu, usibishane sana na mtu.

Sasa nijibu haya. Mnasafiri siku gani, na kwa basi lipi? Je, ile redio yenu ya sebuleni bado inacheza CD, ili uzijaribu kabla hujalipa zote? Kaka yake shemeji, yule aliyekuwa baharia, bado anazo zile CD zake kwenye boksi, na je, anaweza kuachia hata moja kwa bei ya ndugu? Fundi wa Ilala aliyekufungia spika ni mtu wa kuaminika, au ni yuleyule aliyekuuzia betri? Na Neema ameshapata mtu wa muziki wa harusi, au ndiyo Kulwa anataka kunibebesha na hilo?

Nijibu kabla ya Ijumaa ili nitume fedha mapema.

Wako,
Masanja

N.B. Usiziweke juu ya dashibodi ya basi wala kwenye buti karibu na injini, zibebe kwenye begi la mkononi. Na ukipata mbili tu, ziwe Dire Straits na Queen.