Kaka, ile nyota uliyoisukuma ni sawa na ya Babu

Shikamoo kaka.

Simu hupokei, ujumbe unausoma na hujibu. Nimeandika hapa ili wanao wakusomee.

Wewe ndiye uliyenilipia nauli ya kwanza kuja Uingereza. Ulipopanda ndege kuja kunizikia baba mkwe, nililia kwa furaha. Halafu pale mezani, chai haijapoa, ukausukuma ule ubao wenye medali zake mpaka kwenye visahani vichafu. "Wauaji wa kujificha chini ya maji." Ulisema Kiswahili, ukidhani wenyeji hawaelewi. Mume wangu alielewa. Alivua tai yake akazifuta moja moja, na hajanitajia neno mpaka leo.

Machungu yako nayajua. Babu mdogo alipandishwa Khedive Ismail hapo Mombasa, Februari 1944, pamoja na askari wenzake wa mizinga. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo, kombora la majini, ikazama kwa dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200. Sisi hata kaburi la kusomea dua hatuna.

Lakini baba mkwe wangu hakuwa Mjapani, kaka! Alikuwa stoka, kijana wa chumba cha injini kwenye nyambizi ya Kiingereza. Juu ya maji dizeli zinanguruma mpaka masikio yanakufa; wakizama zinazimwa, zinabaki mota za umeme, betri, jasho na hewa nzito. Torpedo ikitoka, yeye haoni kitu. Uzeeni alikuwa akiweka kiganja juu ya mashine yangu ya kufulia, anafumba macho, kisha ananiambia beringi inakwisha. Wiki ile ile ikafa.

Medali yake ya ushujaa ina jina lake, limechongwa ukingoni. Zile nyota za vita, medali za umbo la nyota, hazina jina la mtu. Ile ya Burma, yenye utepe mwekundu katikati, ndiyo hiyo hiyo ya Babu ambayo mama aliifunga kwenye pindo la khanga. Mzee aliipata akitokea bandari ya Trincomalee, Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Babu na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikaa kisiwa hicho hicho kabla ya kupelekwa bonde la Kabaw, Burma. Ulisukuma nyota ya Babu, kaka.

Msibani mtu humeza neno lake, hata likimkwama. Mimi nimemeza mangapi? Mnasema nilimwogesha Mzungu huku mama anaumwa Tanga. Pasipoti yangu ilikuwa imeshikwa ofisi ya uhamiaji miezi saba. Ningetoka, nisingerudi kwa wanangu. Kila asubuhi nilipompaka yule mzee mafuta miguuni, nilikuwa namwona mama. Ulitaka nimwache na uchafu wake ili nionekane nampenda mama?

Nyota ya Babu iko kwako, kwenye lile kopo la chai. Ipige picha, mbele na nyuma, unitumie. Mume wangu ametengeneza kisanduku cha kioo, na ameacha nafasi moja.