Barua ya Wazi kwa Timu za Wanafunzi Wahandisi: Semeni Kwa Nini

Wanangu,

Nimemaliza kusoma rundo la ripoti zenu za usanifu, zile mnazowapelekea waamuzi wa mashindano, na moyo wangu una uchungu. Mashine zenu hazina neno. Nyingi ni nzuri, tena zimeundwa kwa mikono yenye subira. Kinachoniuma ni kumwona kijana aliyekesha karakanani msimu mzima akipitwa na mwenye mashine ya kawaida, kwa kuwa ripoti yake haikumwambia mwamuzi kitu.

Msizione alama za usanifu na ripoti kuwa za pembeni. Katika Formula SAE, mashindano ya magari ya wanafunzi yaliyoanza 1981, usanifu peke yake una alama 150 kati ya 1000. Katika Design/Build/Fly, ambako timu hurusha ndege ndogo zilizoziunda, alama za ripoti huzidishwa kwa alama za kuruka. Ndege iruke ipendavyo, ripoti mbovu itaishusha.

Ugonjwa wenu mkubwa ni mmoja: hamsemi kwa nini. Nafungua ripoti, nakuta: "Kwanza tulifanya kikao, kisha tukagawana kazi, kisha tukachora, kisha tukachomelea." Hiyo ni shajara. Mwamuzi anataka kujua mlikuwa na njia zipi mbele yenu, mlizipima kwa kigezo gani, na zile mlizoziacha mliziachia nini.

Timu moja iliandika kwamba ilichagua alumini kwa fremu "kwa sababu ni nyepesi". Ikaishia hapo. Nilipokutana nao nikawauliza. Ni kweli, sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, na ya chuma ina 7.85. Lakini ukakamavu wa alumini, yaani inavyokataa kupinda, nao ni karibu theluthi ya ule wa chuma: gigapaskali 70 hivi kwa 200. Ukibadilisha mrija wa chuma kwa wa alumini wenye vipimo vilevile, uzito umepungua na fremu imelegea kwa kiasi kilekile. Faida huja mkiongeza kipenyo cha mrija, maana hapo ndipo unapokataa kupinda. Je, mliongeza? Na alumini ya 6061-T6, aina iliyoongezwa nguvu kwa joto, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kando ya kiungo kilichochomelewa. Mlilihesabu hilo? Walitazamana. Kisha mmoja akajibu kwa sauti ya chini: "Kaka zetu wa mwaka jana walitumia hiyo."

Kijana yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alijibu kama alivyofunzwa. Sisi wazazi na walimu tumewakuza katika madarasa ambako jibu likilingana na la ubaoni hupata alama zote, na anayeuliza sababu huitwa mbishi. Halafu siku moja tunawasimamisha mbele ya waamuzi na kuwadai sababu ambazo hatukuwahi kuwaruhusu wazitafute. Lawama hiyo ni yetu kwanza. Lakini mtakaodaiwa ni ninyi, kwa hiyo anzeni kudaiana wenyewe kwa wenyewe. Kila uamuzi mkubwa upewe aya yake: hitaji, njia mbadala, namba, chaguo, na mlichokubali kukipoteza ili kupata mlichokipata.

Jambo jingine linanikera karibu sawa na hilo. Ripoti anapewa nani? Mara nyingi ni msichana wa timu, ati ana mwandiko mzuri, au mgeni ambaye hajakabidhiwa spana bado. Anaitwa wiki ya mwisho, anapewa picha za simu na faili zisizo na majina, anaambiwa "tengeneza". Atayajuaje maamuzi ambayo hakuwepo yakifanyika? Aliyesanifu breki aandike breki. Huyo binti apewe mfumo wake wa kusanifu kama wengine, na mhariri awe mtu anayeijua mashine yote.

Picha za rangi za kompyuta, zile za kukisia fremu inavyoelemewa na mzigo, pia mzipunguze. Fremu yenye bluu na nyekundu haithibitishi kitu kama hamkusema mzigo mliupata wapi, fremu mliishikilia sehemu zipi, na mlipoipakia kweli ilipinda kiasi gani. Wekeni hesabu na kipimo halisi katika jedwali moja. Vikitofautiana, afadhali, elezeni tofauti imetoka wapi, maana hapo mwamuzi anaona watu wanaofikiri. Kadhalika kilichovunjika msikifiche. Mficha uchi hazai. Mkono wa gurudumu uliokatika kwenye majaribio, picha ya mkato wake na mabadiliko mliyoyafanya baadaye vina thamani kuliko kurasa kumi za kujisifu.

Mengine nayapitia haraka. Kila namba iwe na kizio chake. Mwaka 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotelea Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa paundi na nyingine ikazisoma kama newtoni. Kila grafu iwe na majina kwenye mihimili. Kikomo cha kurasa kiheshimiwe. Muhtasari uandikwe mwisho, uwekwe mwanzo. Kanuni za mashindano zisomwe na kila mtu, asiachiwe nahodha peke yake. Na kabla ya kutuma, mpeni ripoti mtu asiyeijua mashine yenu, kisha akae awaeleze alichoelewa, nanyi mnyamaze.

Daftari la maamuzi lianze leo, liwe karakanani penye vifaa, na liandikwe tarehe na sababu siku ileile jambo linapoamuliwa. Nahodha, tarehe ya ripoti iingie kwenye kalenda ileile ya fremu na injini, na kila sehemu iwe na jina la mwenye kuiandika. Rasimu ya kwanza muikamilishe kabla mashine haijaanza majaribio, ili majaribio yaje kuisahihisha.

Mzee wenu anayewapenda.