Kufuli la mbele peke yake halilindi trela

Mhariri, salaam. Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu wa huku Marekani anavyosifia kwenda kambini na trela la kulala, mengi nakubaliana naye, ila pale aliposema ukishapiga kufuli mbele unaondoka zako bila wasiwasi naomba nimpinge, maana watu watalizwa.

Trela halina injini. Mtu akija na pikapu yenye gololi ya saizi yake, ile tufe ya chuma ya nyuma inayoshika mdomo wa trela, anaunganisha dakika chache tu kaondoka, na majirani watadhani ndo mwenye mali. Kufuli la pale mdomoni linasaidia kiasi, lakini wezi wengine wanafunga zile cheni za usalama za trela kwenye pikapu wanalikokota hivohivo. Ndo maana mi nasema tairi nalo lipigwe klampu, lile chuma la kulibana lisizunguke, upande unaotazama barabara ili mwizi aione kabla hajashuka. Sio kwamba haikatiki, grinda za betri siku hizi zinakata chochote, ila kelele ile kambini saa nane usiku nani hataamka?

Kinachonishangaza zaidi ni funguo. Vile vimilango vya ubavuni tunakoweka nyaya na majiko, hebu angalia ufunguo wake, matrela mengi sana huku umeandikwa CH751. Yaani ni ufunguo mmoja jamani! Unauzwa mtandaoni kwa dola chache tu. Msimu uliopita jirani yetu kambini alipoteza wake, nikampa wangu kwa utani, ukazunguka ukafungua, mzee wa watu akabaki ananikodolea macho na mimi mwenyewe nikaanza kuona aibu kama vile nimekamatwa. Badilisheni vitasa, unalegeza nati kwa ndani unatoa cha zamani unaweka kipya, chai haijapoa umemaliza.

Betri na mitungi ya gesi iko nje pale mbele, pitisha cheni. Jenereta ndo kabisaa, ukienda mjini kutafuta nyama usiiache inanguruma peke yake.

Wengine wanaficha AirTag, kile kidude kidogo cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea, ndani wanaona wamemaliza. Ni rahisi sawa, ila kile kidude kimetengenezwa kiwaonye watu wasifuatiliwe bila kujua, kwa hiyo simu ya mwizi mwenyewe inaweza kumtonya kuna kitu anasafiri nacho, atakitafuta akitupe. Bora kifaa cha GPS chenye laini yake ya simu kinachokuonyesha trela liko wapi, kifiche mbali na mlango.

Bima pia ulizeni vizuri, mara nyingi trela linalipwa ila vitu vya ndani mpaka uongezee hela. Na ile namba ya chesesi yenye herufi na tarakimu 17 ipigeni picha ikae kwenye simu, maana kuna watu wanaweka kadi ya trela kwenye droo humohumo ndani ya trela, sasa likiondoka polisi utawapa nini?

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio