Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sokwe, Lamprei na Ada Zetu

Ndugu wanachama,

Upandaji miti kando ya Mto Karanga na matembezi ya kuangalia mbega katika Msitu wa Rau yaliendelea kama mnavyojua, hivyo sitayarudia. Nitaeleza uamuzi wa kamati, ambao niliupendekeza mimi na bado ninausimamia, wa kuahirisha safari ya kwenda kuona sokwe katika Hifadhi ya Gombe na kutumia shilingi 1,400,000 za akiba kutengeneza mabango mawili ya shuleni: moja la sokwe, jingine la lamprei, samaki asiye na taya mwenye umbo kama la mkunga.

Nimelaumiwa kwamba nimepoteza fedha kwa mnyonya damu ambaye hata Tanzania hayupo. Ni kweli hayupo. Lakini sokwe wa Gombe wana wa kuwasemea tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika pale mwaka 1960, ilhali lamprei, ambaye mabaki ya jamaa yake wa miaka milioni 360 iliyopita yalipatikana Afrika Kusini, huchukiwa hata pale anapopungua. Sokwe jike huzaa takriban kila baada ya miaka 5, kwa hiyo akiuawa mmoja pengo lake halizibiki upesi. Lamprei hutaga mayai maelfu kwa maelfu, ila mara moja tu kisha hufa, na ukuta wa bwawa ukimzuia kupanda mto, wingi huo wa mayai haumsaidii kitu. Anayesema hayo hayatuhusu amkumbuke chura wetu wa Kihansi, ambaye maji ya maporomoko yake yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini.

Katika shule moja ya Pasua, mtoto alipitisha kidole kwenye picha ya kinywa cha lamprei, duara la meno ndani ya duara, akauliza anakula nini akiwa mdogo. Nilimjibu mwenyewe kwamba hukaa miaka kadhaa amejifukia kwenye matope ya mto, akichuja chembe za chakula majini.

Kinachoniumiza ni mahudhurio. Siku ya kujadili jambo hili tulifika 11 kati ya wanachama 64, na waliolalamika baadaye hawakuwepo. Ada ya shilingi 20,000 wamelipa 27 tu. Nauli ya kusafirisha mabango nimeitoa mfukoni mwangu mara 3.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuzifikia shule za Himo na Marangu, na safari ya Gombe huenda ikafanyika mfuko ukiruhusu. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti, Moshi